Kabla Hujakifungua Kitabu cha Kibandani

Haugdal,
Jumatatu, tarehe 12 Agosti

Mdogo wangu mpendwa Borghild,

Neema na amani zikufikie huko Aalborg, Denmark, wewe na mjukuu wako Mette, na kila anayekula mezani pako. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa sikio la kushoto limekwisha kustaafu, na la kulia linafanya kazi kwa kuchagua. Ndiyo sababu sikukupigia simu, bali nimeketi na kalamu. Ipo na sababu nyingine, nayo utaiona kabla ya ukurasa wa mwisho. Nijulishe hali ya goti lako. Katika barua yako umelitaja kwa mzaha, nami nakujua tangu ulipokuwa mtoto wa kubebwa: jambo linalokuuma ndilo unalolifanyia mzaha.

Barua hiyo ilifika Alhamisi. Niliisoma mara mbili nikiwa nimeketi, na mara ya tatu nikiwa nimesimama, kwa kuwa habari ya wewe kuja huku kwa siku tatu, Ijumaa tarehe ishirini na tatu hadi Jumapili, iliniondoa kitini bila kuniomba ruhusa. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, mlale wapi wewe na Mette katika nchi hii ambayo bei zake zimemtisha. La pili, kama kile kitabu cha Baba, kilichokuwa juu ya rafu karibu na dirisha la kibanda chetu cha mlimani, bado kipo. La kwanza nitalijibu sasa hivi. La pili nitalijibu pia, lakini niruhusu nilifikie kwa mwendo wangu, kwa maana mimi ni mzee na njia yake ina mwinuko.

Kuhusu malazi, mwambie Mette aifunge kompyuta yake. Umeniandikia kwamba alipoiona bei ya hoteli ile iliyo kando ya mto alipiga ukelele hata paka akakimbilia chini ya kabati, akakuuliza, "Bibi, kwa pesa hizi tunapewa chumba, au tunapewa na mlima wenyewe?" Hakukosea sana. Nchi yetu imekuwa ghali kiasi kwamba sisi wenyeji tukitaka kwenda kuitazama hufunga mkate wetu katika karatasi, tukaketi juu ya jiwe ambalo bado halina mwenyewe, tukanywa kahawa ya chupa yetu wenyewe.

Oddny wa ng'ambo ya kijito, mjane wa Tarald, ndiye jirani pekee niliyebaki naye. Nilipomsomea maneno ya Mette alicheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Mwambie huyo binti, pale hotelini supu ya samaki wanaiuza kana kwamba samaki alikuwa na ukoo na cheo. Waje kwangu. Uji wa malai upo, jibini ya kahawia ipo, na atakayetoa pochi nitamtoa nje yeye na pochi yake." Kisha, kwa kuwa hawezi kuwaacha watu wa Denmark wapite salama, akaongeza kwamba mlima wenu ulio mrefu kuliko yote angeweza kuuegesha nyuma ya ghala lake la nyasi na kuusahau hadi theluji iyeyuke. Nimeyaandika jinsi alivyoyasema ili umjibu mwenyewe utakapofika, kwa maana mimi simwezi.

Basi mpango ni huu. Meli ya asubuhi itawashusha Kristiansand adhuhuri, na Mette atakuja na gari polepole akifuata bonde. Msinunue chakula njiani. Soseji moja ya kituo cha mafuta ina bei ambayo marehemu Mama angeiita dhambi, na wala haishibishi. Leteni kutoka kwenu mkate ule mweusi na nyama ya nguruwe, kwa kiasi kinachoruhusiwa forodhani. Umesema Mette hupenda divai kidogo baada ya chakula. Msimamo wangu juu ya jambo hilo unaujua, nami sitaubadilisha katika mwaka wangu wa themanini na mbili. Lakini duka la serikali linalouza vinywaji hivyo liko mbali nasi, na Jumamosi hufungwa mapema. Kwa hiyo, kama anayo chupa, na iwe tayari ndani ya shanta lake. Mimi si afisa wa forodha. Siku ya Jumapili maduka yamefungwa, jinsi inavyopasa.

Ijumaa mtalala hapa nyumbani, katika chumba cha juu kinachotazama mto. Jumamosi asubuhi tutapanda kibandani. Usiogope kwa ajili ya goti. Njia ile ya mwendo wa saa mbili na nusu, uliyoipanda ukiwa na miaka mitano huku ukimwimbia kila kondoo, sasa ina barabara ya wafugaji mpaka karibu na ziwa. Kipande kilichobaki Oddny atakuvuta kwa trekta. Nyuma ya trekta amefunga tela, na ndani ya tela amekaza kwa kamba kiti kimoja cha zamani cha nyumba ya maombi, kile chenye mikono, alichokuwa akikalia mhubiri mgeni. Amesema, "Borghild atapanda kama malkia. Ila malkia ashike sana, maana hiyo njia haina adabu." Mwaka huu matunda ya manjano ya kinamasini yameiva kwa wingi. Unajua kwamba hapa kwetu mtu huweza kukuonyesha wosia wake kabla hajakuonyesha mahali anapoyachuma. Oddny alimficha hata Tarald, mume aliyekaa naye miaka arobaini na mmoja. Hata hivyo ameahidi kukupeleka, kwa sharti kwamba Mette afungwe kitambaa machoni. Sijaweza kubaini kama alikuwa anatania.

Jumapili sitaongoza nyimbo kanisani. Nimemwomba mchungaji aniruhusu, naye alishangaa, kwa maana sikuwahi kuomba. Tutasoma ibada sisi kwa sisi mlangoni pa kibanda, tule chakula cha mchana, kisha mteremke kuiwahi meli ya jioni. Nimekwisha kusafisha dohani na kuyaanika mablanketi. Kitanda chako cha chini ya dirisha ni kilekile, na lile fundo la ubao ulilokuwa ukisema ni jicho la kasisi bado linatazama.

Sasa nifikie kitabu.

Kipo. Hakijaliwa na panya wala hakijalowa. Wewe desturi yake unaijua, lakini nitaieleza kwa ajili ya Mette, kwa kuwa najua utamsomea barua hii, au sehemu yake. Hapa kwetu hakuna atokaye katika kibanda cha mlimani bila kuandika: tarehe, upepo, hali ya maji, kuni zilizobaki, na majina ya waliokuwapo. Naye aingiaye, kabla hajavua shanta, hukifungua akasoma. Si pambo la kufurahisha wageni. Mtu akipotea kule juu, watafutaji huanza na kitabu, na majina yaliyoandikwa ndiyo watu wanaotafutwa. Kwa hiyo kitabu kile kilikuwa na uzito wake. Baba, ambaye kwa kinywa alikuwa mchache wa maneno kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, mle ndani aliandika kila safari, na bonde zima lilijua kwamba Halvor haandiki lisilo kweli.

Wewe uliondoka mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na saba, ukiwa na miaka ishirini na mmoja, pamoja na marehemu mumeo Poul na akodiani yake, kile kinanda cha kuvuta. Katika nyumba yetu hata neno dansi halikutamkwa, sembuse binti wa nyumba kuolewa na mtu aliyelipwa kwa kuwachezesha watu. Baba hakukulaani, wala hakukubariki. Alisimama ghalani akiwa ameupa mlango mgongo mpaka gari lilipokwisha kupinda kona. Tangu siku hiyo hakulitamka jina lako. Mwaka juzi uliniambia kwenye simu kwamba Baba alikusahau kabla meli haijatoka bandarini. Nilikaa kimya, nawe ukadhani ni sikio.

Halikuwa sikio, Borghild. Sikiliza jambo ambalo hukupata kuambiwa.

Septemba ya mwaka wa sabini na nane, wakati wa kuwateremsha kondoo, Baba alipanda peke yake siku ya Ijumaa kuwafuata majike watatu waliokuwa wamebaki. Jumamosi ukungu ulishuka, ule mzito wa kule juu unaomfanya mtu asiuone mkono wake. Baba hakurudi. Jumapili, mara baada ya ibada, tulipanda wanaume kumi na wanne tukiongozwa na Tarald, wengine wakiwa bado na viatu vya kanisani. Kibandani hapakuwa na mtu, na jiko lilikuwa baridi. Tarald akakifungua kitabu, akaanza kusoma kwa sauti, kisha akanisogezea nisome mwenyewe. Ulikuwa mwandiko wa Baba, wa siku mbili nyuma: upepo wa kusini, ukungu waja, kuni zatosha. Waliopo: Halvor, Borghild.

Mmoja wetu akauliza, "Borghild? Si yuko Denmark huyu?" Tarald akamjibu, "We, Halvor haandiki uongo. Binti karudi kimyakimya, na mzee kamleta huku juu ili watu wasimseme. Haya, jamani, tunatafuta wawili." Wakanigeukia mimi, kama mwana wa nyumba, niseme kama najua lolote. Nami sikujua lolote, lakini niliamini. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, na katika miaka yote hiyo sikuwa nimeona neno moja la uongo katika mwandiko ule. Niliamini kuwa uko mahali fulani katika ukungu ule, umbali wa sauti tu.

Tulitawanyika tukiita. Unajua jinsi ukungu ule unavyomeza sauti. Wanaume kumi na wanne, na baadhi yao walikuwa wamevuka barabara wasikusalimu ile wiki uliyoondoka, walizunguka uwanda wote ule wakiliita jina lako. Aliita Tarald mwenye sauti kama ya ng'ombe dume. Waliita wazee wa nyumba ya maombi. Niliita mimi mpaka sauti ikanikatika, nikawa napiga sufuria kwa kijiko. Katika kutembea kule nilimwahidi Mungu jambo. Nilisema kwamba nikikuona sitalitaja dansi wala sitamtaja Poul, wala sitauliza kwa nini. Nitakuvika koti langu tu na kukuleta nyumbani.

Ilipofika alasiri tulimpata Baba chini ya jabali lile lililoinama, kifundo cha mguu kimeteguka, midomo imekuwa ya buluu. Tulimfunika na kumpa kahawa. Lakini nusu ya watu hawakuacha kutafuta. Waliteremka hadi ukingoni mwa ziwa, na mmoja aliingia majini mpaka kifuani kwa sababu aliona kitu cheupe, kumbe ni gogo la mti lililochubuka gome. Baba alizisikia sauti zao, akauliza wanamwita nani. Tarald akainama akamwambia kwa upole, "Tunamwita binti yako, Mzee. Mliachana wapi?"

Nilimwona Baba akifumba macho. Akasema, "Hayupo. Yuko Denmark. Mimi niliandika tu."

Tarald, ambaye hakuwa mtu mbaya, akauliza kwa nini aliandika. Baba akajibu neno moja: "Nimezoea."

Tulimbeba mpaka chini. Hakuna aliyemkemea. Ila kwa muda wa majuma kadhaa dukani walimtania, kwa jinsi watu wetu wanavyotania jambo ambalo hawajui wafanye nini nalo. Tarald mwenyewe alimwambia mbele ya watu, "Halvor, safari ijayo mwandike na Nuhu, twende tukamtafute na safina yake." Wakacheka, na Baba akatabasamu kidogo, akalipia sukari yake akatoka. Unamjua, alikuwa mtu wa haya. Tangu hapo alianza kwenda dukani Jumatatu asubuhi, wakati hakuna watu.

Na mimi nilikuwa na hasira. Wakati ule niliiita hasira kwa ajili ya kweli, maana nilikuwa nimesoma chuo cha Biblia, nilikuwa nikiwafundisha watoto wa kipaimara amri ya kutoshuhudia uongo, na watu kumi na wanne walikuwa wamehatarisha maisha yao kwa jina lisilokuwapo. Kila neno la hoja yangu lilikuwa sahihi. Leo, nikiwa karibu na siku ya kutoa hesabu, naijua hasira ile kwa jina lake. Ilikuwa hasira ya mtu aliyetumaini alasiri nzima, kisha akaambiwa hayupo.

Jumamosi iliyofuata nilipanda peke yangu, nikiwa na kalamu ya wino mweusi na rula. Nilikaa mezani nikazirudisha kurasa nyuma, na ndipo nilipojua maana ya "nimezoea." Jina lako lilikuwapo tangu kiangazi kile cha kwanza baada ya kuondoka kwako. Lilikuwapo kila mwaka, kwa miaka kumi na mmoja, mara thelathini na nne. Wala halikuwa jina peke yake. "Halvor samaki mmoja, Borghild wawili." Daima ulipata zaidi kuliko yeye. "Borghild kachoka, tumerudi mapema." Mahali pengine, mwaka ule ambao ulimwandikia Mama kwamba umejifungua binti: "Borghild hakuja mpaka ziwani, amekaa ndani na mtoto. Jua zuri."

Niliyasoma hayo yote kwa macho yangu, Borghild, na bado nilichukua rula. Nilipiga mstari juu ya jina lako kila lilipokuwa, ulionyooka, wa mkono wa mwalimu. Na pembeni ya kila mstari niliandika "Hakuwapo," nikaweka herufi za jina langu na tarehe. Mara thelathini na nne. Kisha nikafunga mlango nikateremka, na kesho yake nikaongoza nyimbo.

Baba aliyaona hayo kiangazi kilichofuata. Nilikuwa naye, nikichonga mpini wa shoka karibu na dirisha. Alikifungua kama tunavyofungua sote, shanta likiwa bado mgongoni. Akageuza ukurasa, na mwingine, na mwingine. Alikaa nacho muda mrefu. Halafu akachukua kalamu, kwa kuwa ilikuwa kawaida yake kuandika upepo wa siku ya kufika, akaishika juu ya karatasi. Kisha akairudisha mahali pake, akaniuliza kama kuni zimekauka. Nikamwambia zimekauka. Hakuandika tena kitabuni hata siku aliyokufa. Kuanzia hapo upepo wote ni wa mwandiko wangu.

Lipo jambo moja bado, nalo ndilo lililonizuia kupiga simu. Ulikuja kumzika Baba mwaka wa themanini na moja. Ulivaa koti la kijivu, ukasimama langoni mwa kanisa, kwa kuwa gari lilikuwa likikungoja. Uliniuliza, "Kaka, aliwahi kunitaja?" Nami nilikujibu, "Sikumsikia hata mara moja." Uliitikia kwa kichwa, ukanishika mkono, ukaenda zako, na ukaenda na jibu lile kwa miaka arobaini na mitatu. Jibu langu lilikuwa kweli. Sikumsikia. Hakutamka. Nimehubiri maisha yangu yote juu ya ushuhuda wa uongo, na ushuhuda wa uongo mkubwa kuliko wote nilioutoa haukuwa na neno moja la uongo ndani yake.

Nikueleze na hili, ili pasiwe na kilichobaki chini ya sakafu. Mwezi Juni, uliposema kwa mara ya kwanza kwamba ungependa kuliona ziwa kabla miguu haijakataa, nilipanda nikakichukua kitabu, nikakiteremsha ndani ya shanta. Nia yangu haikuwa njema. Oddny alinikuta nyuma ya nyumba nimesimama karibu na pipa la kuchomea majani, akakiona mkononi mwangu. Hakunipandishia sauti. Alisema, "Gudmund, bonde zima tunaijua hiyo habari. Tarald alikufa akijuta ule utani wa Nuhu. Asiyejua ni mmoja tu, na ndiye mwenye jina. Ukikichoma, usije kwangu kuomba mayai." Akasimama pale mpaka nikakirudisha ndani ya shanta. Nimekirudisha na rafuni pake.

Sikuigusa mistari. Niliwaza kuifuta kwa wembe, nikaona kwamba huko kungekuwa kufuta mara ya pili. Mistari ni yangu, na ikae ijulikane kuwa ni yangu. Lakini wino wangu ulikuwa mwepesi kuliko wa Baba, na kwa miaka hii umepauka. Jina linasomeka chini yake, mara zote thelathini na nne. Hutahitaji miwani.

Sasa unajua kile utakachokikuta, na unajua kabla hujalipa nauli. Ndiyo maana nimeandika leo, ili barua iwafikie kabla hamjaondoka. Nakuomba unisamehe. Sikuombi ufanye haraka, wala sikuombi unisamehe kwa sababu mimi ni mzee, maana kosa nililifanya nikiwa na nguvu zangu zote. Kama huwezi kuja, mwambie Mette ampigie Oddny, aseme tu kwamba hamji. Hutakuwa na haja ya kutoa sababu. Na kama unataka kuja lakini hutaki kuniona, Oddny atakupandisha yeye, nami nitabaki huku chini mpaka mteremke. Kitabu ni chako kuliko kilivyo changu. Kichukue uende nacho Aalborg.

Nimalizie na habari ya juzi. Jumamosi nilipanda na Oddny kuandaa kibanda, kama nilivyokueleza. Yeye alikuwa akifagia chini ya jiko, mimi nikaketi kuandika kabla hatujaondoka. Niliandika upepo wa magharibi, mwepesi. Niliandika kuni zatosha, dohani safi, maji ya ziwa yako chini kidogo. Kisha nikafika mahali pa waliokuwapo. Nilikaa hapo kitambo kiasi kwamba Oddny aliacha kufagia akanitazama. Nikaandika: Gudmund, Oddny, Borghild.

Ni lisilo kweli la kwanza nililoandika kwa kujua katika maisha yangu, na Mungu anajua mahali pa kuliweka. Oddny alikuja akasoma juu ya bega langu. Halafu akauliza, "Na ukungu ukishuka, watu wakija na kitabu mkononi, itakuwaje?"

Nikamwambia, wacha waje. Wamwite. Safari hii huenda akaitika.

Nisalimie sana Mette, umwambie kwamba mjomba wa mama yake hatamfunga kitambaa machoni, ila kwa Oddny hana mamlaka. Nisalimie na binti yako, yule aliyekaa ndani na mamaye siku ile ya jua zuri. Lichueni goti kwa mafuta ya moto kabla ya safari, na usibebe mzigo melini. Ijumaa ile nitakuwa nimesimama langoni tangu adhuhuri, ijapokuwa najua hamwezi kufika kabla ya alasiri. Bwana awalinde katika kutoka kwenu na katika kuingia kwenu.

Ni mimi kaka yako,

Gudmund